KUFUMUA NA KUFUNGA: INJINI YA TABO NA MSAMIATI WA MAFUNDI

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni mawili. Kwanza, yanakusudia kueleza kwa Kiswahili, tangu mwanzo hadi mwisho, kazi ya kuunda upya injini ya gari yenye tabo iliyoharibika, kazi ambayo mwenye gari ameamua kuifanya nyumbani kwake pamoja na fundi, badala ya kununua injini nyingine. Pili, yanakusudia kuyachunguza maneno ambayo kazi hiyo huyadai, ili tuone ni yapi yaliyokwisha kuwamo vinywani mwa mafundi, ni yapi yenye utata, na ni yapi yanayohitaji kuwekewa mipaka mipya.

Katika mijadala yetu kuhusu istilahi, imekuwa desturi kudhani kwamba tatizo la Kiswahili katika taaluma za ufundi ni uhaba wa maneno. Kamati hukaa, orodha ya maneno ya kigeni huletwa, na kila neno hutafutiwa mwenzake. Hatuna nia ya kuibeza kazi hiyo. Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 na vyombo vilivyoifuata vimetufaa sana. Hata hivyo, mtu akisimama kando ya fundi kwa siku chache atagundua kwamba fundi hapungukiwi na maneno hata kidogo. Lililo gumu ni kwamba neno moja hubebeshwa maana mbili au tatu, na kwamba maana hizo zikichanganywa, hasara yake si ya kisarufi tu. Huwa ni hasara ya fedha, na wakati mwingine ya usalama wa watu barabarani.

Mifano tuitumiayo imetokana na injini moja ya Subaru ya aina ya EJ20, ambayo ilifumuliwa na kufungwa uani kwa mwandishi. Injini za jamaa hiyo ni nyingi nchini Kenya kutokana na magari yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani. Tena jina la Subaru lilipata sifa hapa katika mashindano ya Safari Rally, ambayo gari la Impreza lilishinda mwaka 1997 na mwaka 2000. Ni injini ya silinda nne zilizolala, mbili upande wa kushoto na mbili upande wa kulia, na ujazo wake ni sentimita za ujazo 1,994.

2. Tabo na kazi yake

Injini yoyote ya petroli hupata nguvu kwa kuunguza mchanganyiko wa hewa na mafuta ndani ya silinda. Mlipuko huisukuma pistoni. Pistoni huisukuma konrodi. Konrodi huizungusha krenki, yaani mhimili mkuu uliopindwapindwa. Na mzunguko huo hatimaye hufika kwenye magurudumu. Mtu akitaka nguvu zaidi ni lazima aunguze mafuta zaidi, na mafuta hayaungui bila hewa ya kutosha. Basi swali ni moja: hewa zaidi itaingizwaje ndani ya silinda zile zile?

Jibu lilitolewa na mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyepata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Moshi utokao kwenye injini una joto na kasi. Badala ya kuachwa upotee, hupitishwa kwenye gurudumu dogo lenye mapezi. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa kijiti cha chuma na gurudumu jingine lililo upande wa hewa safi. La kwanza likizungushwa na moshi, la pili huivuta hewa, huishindilia, na kuisukuma kuelekea kwenye silinda. Kifaa hicho ndicho tabo. Mwaka 1962 magari mawili ya watu binafsi yenye tabo yalianza kuuzwa Marekani, na tangu miaka ya 1970 viwanda vya Ulaya na Japani vikaifuata njia hiyo. Katika Safari Rally, Toyota Celica yenye tabo ilishinda miaka mitatu mfululizo, 1984 hadi 1986.

Faida ya tabo ni dhahiri zaidi kwetu sisi wa nyanda za juu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Injini ya kawaida hupungukiwa na nguvu ikipanda huku; ya tabo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo kwa kuishindilia hewa.

Lakini kila faida ina gharama yake. Magurudumu ya tabo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na moshi unaoyazungusha huweza kupita nyuzi 800 za Selsiasi. Kijiti kilicho kati yake huelea juu ya utando mwembamba wa oili itokayo katika injini. Oili hiyo ikikatika au ikiwa chafu, tabo hufa mara moja. Isitoshe, hewa ikishindiliwa hupata joto, na kwa hiyo hupitishwa kwenye kipoza hewa kabla ya kuingia ndani. Kwa hakika, injini ya tabo ni injini ya kawaida iliyoongezewa mzigo na kupunguziwa msamaha.

3. Neno moja, maradhi matatu

Sasa tulitazame neno ambalo kila dereva wa Kenya na Tanzania analijua: kunoki. Asili yake ni Kiingereza, lakini limekwisha kuwa Kiswahili kwa kila kipimo cha sarufi. Hunyambulika bila shida: injini imenoki, dereva ameinokisha, ni injini iliyonokishwa. Wala hatuna sababu ya kulifukuza kwa kuwa ni geni; maneno kama bisibisi na parafujo hayaulizwi tena yalikotoka. Swali letu ni jingine: fundi akisema injini "inanoki" au "imenoki", anasema nini hasa?

Tukichunguza kwa makini tutaona maradhi matatu.

La kwanza ni la moto. Plagi ikitoa cheche, mwali unapaswa kusambaa silindani kwa utaratibu. Ikiwa hewa ni moto mno, au tabo inashindilia kupita kiasi, au mafuta ni machache kuliko hewa, au petroli haistahimili mbano, basi sehemu ya mchanganyiko ambayo mwali haujaifikia hujilipukia yenyewe. Sauti yake ni nyepesi na kali, kama changarawe zikitikiswa mkebeni, na husikika zaidi gari likipanda mlima. Madhara yake huanza kimya: kingo nyembamba za pistoni zinazozishika ringi hupasuka, na injini huanza kula oili na kutoa moshi wa buluu.

La pili ni la chuma. Konrodi huishika krenki kwa beringi, vipande viwili vyembamba vya madini laini vilivyopinda kama nusu mwezi. Oili ikipungua au ikichafuka, beringi hulika, nafasi hupanuka, na kila mlipuko huifanya konrodi ipige krenki. Sauti hii ni nzito, ya nyundo, nayo hufuata mwendo wa injini: ikienda kasi, mapigo huenda kasi.

La tatu si sauti tena. Ni injini iliyokwama: beringi imeng'ang'ania krenki au pistoni imeng'ang'ania silinda, na haizunguki hata kwa spana. Pengine konrodi imekatika na kutoboa bloku. Hapa neno "imenoki" lina maana ya kifo.

Tofauti hizi zina uzito mkubwa. Mwenye ugonjwa wa kwanza pengine anahitaji kubadilisha petroli, kurekebisha wakati wa cheche, au kuziba mahali panapovuja hewa. Mwenye ugonjwa wa pili anapaswa kuizima injini papo hapo na kuifumua. Mwenye ugonjwa wa tatu anapaswa kuhesabu kama bloku bado inafaa. Iwapo wote watatu wataambiwa "imenoki", wa kwanza huenda akauza mbuzi kununua injini asiyoihitaji, na wa pili, akidhani ananoki "kidogo tu" kama jirani yake, huenda akaendelea na safari hadi konrodi itoke nje ya bloku katikati ya mteremko.

Pendekezo letu ni kwamba kila ugonjwa upewe kitenzi chake kutoka ndani ya lugha. Injini yenye ugonjwa wa moto inagota, kwa kuwa kugota ni kupiga kwa wepesi kama afanyavyo mtu kwa kifundo cha kidole. Injini yenye ugonjwa wa chuma inagonga, na hivyo ndivyo mafundi wengi wasemavyo tayari. Injini ya tatu imekwama. Kunoki libaki kuwa neno la jumla la mtu asiye fundi, kama vile "homa" lilivyo kwa mtu asiye tabibu. Vitenzi hivi vitatu vina faida nyingine: huonyesha mwendo wa ugonjwa. Injini iliyoachwa igote kwa muda mrefu huweza kufikia kugonga, na iliyoachwa igonge hukwama.

4. Kufumua

Kazi yenyewe huanza kabla ya spana kushikwa. Oili humwagwa katika chombo safi na kutazamwa juani. Ikiwa inametameta kama iliyotiwa unga wa fedha au wa shaba, beringi zimelika. Filta hukatwa na karatasi yake kukunjuliwa, kwa maana huko ndiko vipande vya chuma hukamatwa. Mbano wa kila silinda hupimwa, ili kuijua silinda iliyo dhaifu. Tabo nayo huchunguzwa: kijiti chake kikisukumwa kwa kidole kinacheza kiasi gani, na je, mapezi yamegusa ukuta?

Hapo fundi huanza kufumua. Neno hili lina mafunzo kwa mwanaisimu. Kufuma ni kuunganisha nyuzi. Kufumua ni kuzitengua. Kiambishi hiki cha kutendua kimeenea katika kazi nzima: funga na fungua, ziba na zibua, bana na banua, chomeka na chomoa, pachika na pachua. Kila hatua ya kubomoa ina shina moja na hatua ya kujenga, kwa hiyo maelezo ya kufumua yakigeuzwa huwa karibu kabisa na maelezo ya kufunga. Lugha nyingi hulazimika kutumia vitenzi viwili visivyohusiana. Kiswahili kinatupa jozi. Mwandishi wa kitabu cha mitambo kwa Kiswahili angefanya vyema kuutumia utajiri huu kwa makusudi.

Kila kipande kinachochomolewa hutiwa alama ya mahali pake. Pistoni ya silinda ya kwanza haipaswi kurudi katika ya tatu, wala kofia ya konrodi moja haipaswi kufungwa kwenye konrodi nyingine, kwa sababu vipande hivyo vimechongwa pamoja. Katika injini ya EJ20 kuna jambo la pekee: bloku ni nusu mbili zilizofungwa kwa bolti. Kabla ya kuzitenganisha, ni lazima pini zinazounganisha pistoni na konrodi zichomolewe kupitia matundu yaliyowekwa ubavuni mwa bloku. Asiyelijua hilo hupigana na bloku siku nzima.

Baada ya kufumua ni kuosha, na kuosha ndiko kunakotenganisha injini itakayodumu na itakayorudi mezani baada ya wiki moja. Beringi iliyolika imesambaza chembe za madini katika kila njia ya oili. Vizibo vya njia hizo huzibuliwa, na njia zenyewe husuguliwa kwa burashi nyembamba na kupulizwa. Kipoza oili hakisafishiki kwa uhakika, na hivyo hubadilishwa. Bomba dogo linalopeleka oili kwenye tabo huchunguzwa, kwa kuwa katika baadhi ya injini hizi lina chujio dogo ambalo likizibwa na masizi huiua tabo. Tabo ikifa, vipande vyake huingia katika oili na kuziua beringi. Mwenye kubadilisha beringi bila kuuliza ni nini kilichoziua anaifunga maiti ya kesho.

5. Kupima: mwanya, nafasi na mchezo

Sehemu hii ndiyo inayowatisha wengi, na ndiyo inayodai maneno ya uhakika. Mafundi hutumia maneno matatu, mara nyingi kwa kubadilishana: mwanya, nafasi na mchezo. Sisi tunaona kwamba kila moja linaweza kupewa kipimo chake.

Mwanya uwe uwazi ulio kati ya ncha mbili za kitu kimoja. Mfano wake ni ringi ya pistoni, ambayo si duara kamili bali imekatwa. Ringi huingizwa katika silinda bila pistoni, na mwanya wake hupimwa kwa vibati vyembamba vya kupimia. Kanuni ya jumla ya mafundi wa injini ni kwamba kwa kila milimita 100 za kipenyo cha silinda, injini ya kawaida huachiwa mwanya wa milimita 0.4 hivi, na ya tabo milimita 0.5 hivi. Kwa silinda ya milimita 92, kama ya EJ20, hiyo ni karibu milimita 0.46. Sababu ni joto: chuma kikipata moto hurefuka, na ncha za ringi zikikutana, ringi haina pa kwenda ila kuivunja pistoni. Hata hivyo, maagizo ya mtengenezaji wa ringi ndiyo ya kufuatwa yanapotofautiana na kanuni.

Nafasi iwe uwazi wa oili kati ya vitu viwili, kimoja kikizunguka ndani ya kingine. Kati ya krenki na beringi ya konrodi nafasi hiyo ni sehemu chache tu za mia ya milimita, nyembamba kuliko unywele wa watu wengi. Ikiwa ndogo mno, oili haipiti. Ikiwa kubwa mno, oili hukimbia na shinikizo lake hushuka. Nyumbani huweza kupimwa kwa uzi laini wa plastiki unaobanwa kati ya beringi na krenki, kisha upana wake uliotandazwa hulinganishwa na kipimo kilichochapishwa.

Mchezo uwe mwendo wa kitu kwenda mbele na nyuma, kama krenki isukumwapo kwa urefu wake, au kijiti cha tabo. Matumizi haya yamo tayari katika usemi wa kawaida: gurudumu linacheza, beringi inacheza.

Kuna utata mwingine unaofaa kutajwa. Silinda iliyolika hutanuliwa, na kwa hiyo huhitaji pistoni pana zaidi. Krenki iliyokwaruzika husagwa, nayo hupungua unene, na kwa hiyo huhitaji beringi nene zaidi. Madukani, vyote viwili huitwa ovasaizi, ingawa katika hali moja chuma kimeongezeka upana na katika nyingine kimepungua. Tukisema pistoni pana na beringi nene, hakuna atakayekosea sanduku.

Yapasa pia kukiri mipaka ya ua wa nyumbani. Kutanua silinda, kusaga krenki na kunyoosha uso wa hedi ni kazi za mashine kubwa za kukerezea na kusagia. Mwenye kazi hupeleka vipande hivyo kwa wenye mashine, lakini anapaswa kwenda na vipimo vyake mkononi. Hedi, kwa mfano, huwekewa rula ya chuma iliyonyooka. Kibati cha milimita 0.05 kikipita chini yake, si busara kuifunga bila kuinyoosha, kwani gasketi itaungua tena.

6. Kufunga

Kufunga kuna maana ya kuunganisha na pia ya kukaza, na hapa fundi hupambanua kwa kuongeza kitenzi kaza. Lakini kukaza nako si tendo moja. "Kaza", "kaza sana", "kaza mpaka basi": maneno haya yanatosha kwa nati ya gurudumu la mkokoteni, si kwa bolti ya hedi. Bolti hiyo hukazwa kwa spana yenye kipimo, kwa mpangilio unaoanzia katikati kwenda pembeni. Katika injini za jamaa hii hukazwa, hulegezwa, hukazwa tena, na mwishowe huzungushwa kwa pembe maalumu. Lengo ni bolti inyooke kidogo kama mpira na kuibana hedi kwa nguvu sawa kila upande. Tunapendekeza pawe na maneno matatu yenye mpaka: kushikiza, yaani kuingiza bolti kwa mkono tu, kukaza kwa kipimo, yaani kufikia namba iliyoagizwa, na kukaza kwa pembe, yaani kuzungusha zaidi kwa nyuzi zilizoagizwa.

Beringi hupakwa oili nzito kabla ya kufungwa, isijezunguka kavu siku ya kwanza. Ringi hupangwa ili mianya yake isikae mstari mmoja. Nusu mbili za bloku hupakwa gundi ya gasketi kwa uzi mwembamba, kwani ikizidi hukatika ndani na kuziba njia za oili. Mkanda wa taimingi hulinganishwa alama kwa alama. Ukikosewa, vali huweza kugongana na pistoni, na kazi yote ikawa bure.

Hatimaye injini huwashwa, lakini si mara moja. Kwanza huzungushwa kwa stata bila cheche wala mafuta, mpaka taa ya oili izimike, ndipo tujue kwamba oili imefika. Ikisha kuwaka, hukaguliwa kama inavuja, kisha huendeshwa kwa mzigo wa wastani unaobadilikabadilika ili ringi zikae vyema, bila kuidai tabo nguvu zake zote. Oili ya kwanza humwagwa mapema pamoja na filta yake, na filta hiyo hukatwa na kutazamwa kama ile ya zamani.

7. Tamati

Katika maelezo haya tumeipitia kazi nzima bila kuhama Kiswahili, na msomaji ataona kwamba sehemu kubwa ya msamiati haikubuniwa na mwandishi. Hedi, beringi, konrodi na taimingi yamekwisha kutoholewa na watu. Kufumua, kusaga, kukereza na kuziba ni ya siku nyingi. Tulichojaribu ni kuweka mipaka tu: kugota, kugonga na kukwama, mwanya, nafasi na mchezo, kushikiza, kukaza kwa kipimo na kukaza kwa pembe.

Tangu Katiba ya mwaka 2010 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Kenya sambamba na Kiingereza, mbali na kuwa lugha ya taifa. Hata hivyo, kijana aliyejifunza kwa sikio na mkono chini ya jua kali bado hukutana na mitambo vitabuni kwa Kiingereza, na ujuzi wake huonekana mdogo kuliko ulivyo. Wajibu wa idara za lugha ni kukusanya maneno kutoka gerejini yakiwa na vipimo vyake, kisha kuyarudisha huko yakajaribiwe. Istilahi ya ufundi haithibitishwi kwa kura mkutanoni. Huthibitishwa pale mtu mmoja anaposoma agizo kwa sauti, mwingine akalitenda, na injini ikawaka. Iwapo wenzetu wataona kwamba kugota hakufai, na watuletee neno bora. Lakini na walilete likiwa limekwisha kupita mikononi mwa fundi.